Siku Saba za Mzamiaji

Naapa kwa kaburi la mama yangu lililoko Mashewa, na kwa macho haya mawili ambayo siku hizi yanataka miwani, kwamba habari hii ni kweli tupu toka juu mpaka chini. Sifa yangu naijua. Kuna watu hapa Korogwe ambao nikiwaambia kumekucha, wanatoka nje kwanza kuangalia jua. Lakini hii sikuipamba. Ningeipamba ningeifanya ichekeshe.

Alikuwepo mtu mmoja jina lake Hiza, mtunza pampu katika shamba la mkonge, nyumbani kwake Korogwe ya Zamani, karibu na mto. Kazi yake ilikuwa kuvuta maji mtoni na kujaza matangi mawili makubwa ya saruji, kwa sababu mtambo wa kusaga mkonge unakunywa maji kama una homa. Kwa matangi yale Hiza alikuwa bingwa. Ukimwambia maji yameshuka kiasi fulani tangu asubuhi, anakutajia dakika ambayo tangi litakuwa kavu, na hakosei.

Lakini kwenye kilabu cha pombe, Jumamosi jioni, hakuna mtu anayetaka kusikia habari za matangi. Kwa hiyo Hiza alikuwa anawapa habari za bandari ya Tanga, enzi za mkoloni, alipokuwa mzamiaji. Aliwaeleza kofia ya shaba yenye kioo, viatu vya risasi, na jinsi unavyotembea chini ya meli ukigonga vyuma kwa nyundo huku samaki wanakuchungulia usoni. Alieleza vizuri, kwa sababu kofia ile aliiona kweli. Kwa miezi saba alizungusha gurudumu la pampu ya hewa, juu ya mashua, kwenye jua, wakati mtu mwingine akiwa chini. Hiza mwenyewe hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita shingo. Mtoni alikuwa akioga kwa kata.

Mwaka wa sabini na nne, mwaka wa ukame na unga wa njano ambao watu waliuita unga wa Yanga, Jumapili moja asubuhi, mtu alipiga hodi mlangoni kwake. Alikuwa mfugaji, mrefu, viatu vya tairi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Naitwa Meitamei. Natoka mbele ya Handeni, kushoto kwa njia ya Kwediboma. Wewe ndiye Hiza anayekaa chini ya maji?"

Ndani, Yuditha mke wa Hiza, aliyekuwa anachekecha unga, aliacha kuchekecha.

"Nani kakwambia?" Hiza aliuliza.

"Mbwana, dereva wa lori. Anasema Korogwe nzima inajua."

Majirani walikuwa wameanza kusogea, maana mgeni wa namna ile haji kila siku. Hiza akaona kifua chake kinajaa bila ruhusa yake. Akasema, "Basi kama inajua."

Meitamei akaeleza. Kijiji chao kilikuwa kipya. Waliambiwa wakae pamoja, nao walikubali kwa sababu ya lambo. Lambo walilichimba kwa mikono yao, wakajenga tuta la udongo, na chini ya tuta likapitishwa bomba lenye koki ya kupeleka maji kwenye birika la ng'ombe. Sasa bomba limepasuka ndani ya tuta na maji yanakwenda ardhini usiku na mchana. Ukiziba kwa nje, maji yanatafuna tuta, litakatika lote. Dawa ni moja tu, kuziba mdomo wa bomba kwa ndani, chini kabisa. Na kwao hakuna mtu anayejua kuogelea hata hatua tatu. Fundi aliyewajengea walishamtafuta, kahamia mbali.

"Ng'ombe wangu themanini na wawili," Meitamei alisema. "Wa ndugu zangu wako pia, lakini nakuambia wangu. Mvua iko mbali. Maji yale yakiisha, sisi tumeisha. Ukiziba, chagua mtamba mmoja, yeyote unayemtaka."

Hiza aliuliza swali moja, nalo lilikuwa swali la mtu anayejua kazi. "Yanashuka kiasi gani kwa siku?"

Meitamei alinyoosha vidole vyake, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Shibiri moja. Alikuwa akipima kila asubuhi, anashusha kamba yenye jiwe pale juu ya mdomo wa bomba. Siku aliyoondoka ilikuwa shibiri kumi na tano. Alitembea siku nne.

Kumi na moja, Hiza alihesabu kimoyomoyo. Na shibiri tano zinamfika yeye kifuani. Kwa lori la Mbwana mpaka Handeni mjini, Chanika, kisha mbele kidogo na mguu kidogo, wangefika siku ya tatu. Siku ya tatu maji yatakuwa shibiri nane, yaani yatamfunika kichwa na kofia. Lakini siku ya saba yatakuwa shibiri nne. Shibiri nne ni tumboni. Mtu anaingia amesimama, anainama kidogo, anaziba, anatoka.

Si kwamba alitaka kumdhulumu mtu. Aliona kila mtu atapata chake: mfugaji ataachiwa maji ya shibiri nne, ambayo kwenye tangi ni maji mengi sana, na Hiza ataachiwa jina lake.

Aliingia ndani kuchukua karatasi. Yuditha alikuwa amesimama na chekecheke mkononi.

"Mwambie," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulikuwa unazungusha gurudumu."

"Mtu katembea siku nne, mama Rosina. Nimrudishe na gurudumu?"

"Mrudishe na ukweli. Atatafuta mwingine."

"Mwingine yupi? Huku nani anazama?"

"Hata wewe huzami," Yuditha alisema, akarudia unga wake.

Hiza alitoka na kipande cha mfuko wa saruji na penseli, akakaa, akapiga mistari. Aliwaambia Meitamei na majirani wote kwamba mzamiaji hasafirishwi kama gunia. Mwili wa mzamiaji una damu inayopanda na kushuka, na kabla ya kuingia kwenye maji ya kina lazima damu itulizwe, kituo kwa kituo. Sindeni, kulala mara mbili. Chanika, mara mbili. Njiani kuelekea Kwediboma, mara moja. Kisha kituo cha mwisho, karibu na maji lakini bila kuyaona, kulala mara moja kuanzia mchana mpaka alfajiri, na hicho ndicho kikubwa kuliko vyote. Hapo akawapa habari ya rafiki yake wa Tanga, kijana mwenye nguvu, aliyeruka usingizi wa kituo cha mwisho kwa sababu meli ilikuwa na haraka. Alishuka mzima. Walipomvuta, damu ilikuwa inamtoka masikioni, na hakusema neno tena mpaka walipomzika. Rafiki huyo hakuwahi kuzaliwa.

Aliposema jumla ni siku saba, na ya saba ndiyo ya kuzama, alitegemea ubishi. Alikuwa ameshaandaa maneno mengine matatu ya kitaalamu. Lakini Meitamei alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemtegemea.

"Ni kama ng'ombe," alisema. "Ng'ombe aliyetoka safari ndefu ukimwachia maji papo hapo, anakunywa na kufa. Unamlaza kwanza kando, moyo utulie, ndipo umpeleke. Sikujua kama watu wa maji nao wanalijua hilo."

Akang'oa nyasi kavu saba pembeni mwa ukuta, akazifunga kwenye mkanda wake.

Kesho yake balozi wa nyumba kumi aliandika barua ya safari. Ilisema kwamba mwenye barua hii, ndugu Hiza, ni mtaalamu wa kuzama, vijiji vyote vimpokee. Hiza aliisoma mara mbili. Hakuwahi kuitwa mtaalamu kwa maandishi. Aliikunja akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Sindeni walifika mchana wa siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma barua, akawapa chumba ghalani, na akawaeleza utaratibu wa pale: mgeni anayelala zaidi ya siku moja anakwenda shamba la kijiji asubuhi, kama si mgonjwa na si mwanafunzi. Hiza alishika masikio yake kwa viganja viwili. Mwenyekiti akamwangalia, kisha akamwangalia Meitamei.

"Nitalima ya watu wawili," Meitamei alisema.

Mtu yule hakuwa ameshika jembe maisha yake yote isipokuwa kuchimba lambo. Kwao kuchana ardhi yenye majani ni kumnyang'anya ng'ombe. Asubuhi Hiza alilala kwenye mkeka ghalani, akisikia kwa mbali wanawake wa Sindeni wakimtania.

"Kaka, jembe hilo si fimbo, usiliegemee."

"Mwache, anangoja lijiendee lenyewe malishoni."

Saa saba Meitamei alirudi. Viganja vilikuwa vimefura malengelenge, viwili vimepasuka. Alikaa kizingitini, akatoa nyasi moja kwenye mkanda, akaitupa nje.

"Masikio yanaendeleaje, mzee?"

"Yanakwenda vizuri," Hiza alisema. "Yametulia kidogo."

"Tusiyaharakishe."

Hiza aligeukia ukutani. Alijiambia kwamba malengelenge yanapona, na kwamba hesabu ni hesabu.

Chanika walikaa siku mbili nyingine, kwa mtu waliyempata kwa barua ile ile. Hiza alijitia mafuta ya ufuta masikioni ili ionekane kazi inafanyika. Meitamei hakuketi. Alikuwa anatoka kwenda njia panda, kuuliza kila anayetoka upande wa Kwediboma kama mbingu kule zina dalili, na kila jioni alirudi na jibu lile lile. Asubuhi ya kuondoka walimkuta Mbwana dereva pale sokoni, lori limewashwa, magunia matupu nyuma.

"Mzee Hiza," Mbwana alisema, "bado mko hapa? Nilidhani umeshazama, umeibuka, umekula na nyama. Pandeni, nawashusha kwenye njia yenu kabla ya adhuhuri."

Meitamei alimwangalia Hiza. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya lori.

"Lori linatikisa masikio," Hiza alisema.

"Napakia mayai humu na yanafika."

"Mayai hayazami."

Watu walicheka. Mbwana alicheka pia, lakini alimkazia macho Hiza kidogo zaidi ya inavyotakiwa katika utani, kisha akaachia breki. Meitamei alishusha mguu wake. Alisimama akiliangalia lile vumbi la lori mpaka likatulia barabarani, halafu akachukua mzigo wa Hiza akauweka begani pamoja na wake.

Walitembea. Nchi ilikuwa imekauka rangi ya mfupa. Walipishana na watu wa ng'ombe wakienda upande walikotoka wao, na hao watu walikuwa hawaimbi wala hawapigi mluzi. Meitamei aliongea nao kwa Kimaasai, maneno machache, na baada ya kila maongezi alitembea mbele zaidi, kisha akakumbuka, akapunguza mwendo ili mzamiaji asichoke.

Usiku wa tano ukapita. Siku ya sita, jua likiwa katikati, walifika kwenye korongo kavu lenye migunga mitatu. Hapo ndipo kituo cha mwisho. Lambo lilikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa saa tatu, nne ukisindikiza mzee. Kwenye mkanda wa Meitamei ilikuwa imebaki nyasi moja.

Walikuwa hawajatua mizigo alipotokea mwanamke anaswaga ndama kumi hivi, mbavu nje, wengine wanasukumwa kwa mkono. Alikuwa Nasieku, mke wa Meitamei. Hakusalimia kwanza. Alisema maneno mengi kwa haraka, akionyesha kilima.

"Anasema nini?" Hiza aliuliza.

"Anasema maji yamekimbia. Siku za nyuma yalishuka shibiri moja moja. Juzi yameshuka shibiri mbili. Jana zaidi. Anasema leo ndama anasimama katikati na tumbo halilowi. Anawatoa hawa kabla hawajanasa kwenye tope."

Hiza alibaki amesimama na kamba ya mzigo mkononi. Akaliona kosa lake lote kwa mara moja, kama mtu anayeona nyoka ambaye alikuwa amekaa karibu naye muda mrefu. Alikuwa amehesabu tangi. Tangi lina kuta nne zilizonyooka; shibiri ya juu na shibiri ya chini ni sawasawa. Lambo ni bakuli. Juu pana, chini jembamba. Tundu linatoa maji yale yale kila siku, lakini kadiri bakuli linavyopungua ndivyo kila siku inavyokula shibiri nyingi zaidi. Na zile shibiri nne alizopanga kumwachia mfugaji, hata kama zingekuwepo, zisingekuwa maji mengi. Zingekuwa kitako cha bakuli.

"Twende," alisema. "Twende sasa hivi."

Meitamei aliweka mizigo chini. "Leo ni ya kulala."

"Nimepona. Masikio yamefunguka, nasikia kila kitu. Twende."

"Mzee," Meitamei alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtuliza mnyama, "naona moyo wako. Umesikia habari ya ndama, umeingiwa na huruma. Lakini ulisema mwenyewe, kituo hiki ni kikubwa kuliko vyote. Yule rafiki yako wa Tanga naye alikuwa na haraka. Ukifia chini, nani ataziba? Na mke wako, aliyenipa uji, nimwambie nini?"

"Sitakufa."

"Na yeye alisema hivyo."

Nasieku alikuwa anamtazama Hiza. Hakujua Kiswahili kingi, lakini kwa mtu anayetazama hivyo, Kiswahili hakina kazi.

Lilikuwa limebaki neno moja tu. Nilidanganya. Angelitamka, wangefika kabla ya saa kumi jioni, na usiku mzima wa maji ungeokoka. Hiza alifungua mdomo. Alilipata neno, likafika mpaka kwenye meno, akaona malengelenge ya viganja vya Meitamei yaliyoanza kukauka, akaliona lori la Mbwana, akaisikia Korogwe nzima ikicheka kilabuni. Akafunga mdomo.

Akatandika mkeka chini ya mgunga, akalala, saa saba ya mchana, macho wazi. Meitamei alikaa upande wa jua ili kivuli chake kimwongezee mzamiaji. Alimfukuzia nzi mpaka jioni.

Alfajiri waliondoka, na asubuhi wakapanda kilima. Hiza alilisikia lambo kabla ya kuliona, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanalia, na ng'ombe aliyenasa halii kama mwingine. Chini palikuwa na tope jeusi pana, limepasukapasuka pembeni, na katikati maji kidogo yanayong'aa, ukubwa wa uwanja wa nyumba. Ng'ombe wanane au tisa walikuwa wamezama kwenye tope hadi mabegani wakielekea maji yale. Wengine walikuwa hawalii tena. Watu walikuwa wanawavuta kwa kamba, na walipomwona mzamiaji waliacha kuvuta, wakampisha njia.

Hiza alivua suruali, akaingia. Maji yalimfika magotini. Mdomo wa bomba ulikuwa nusu nje, unanyonya kwa sauti kama mtoto anayekunywa uji. Alichukua gunia, akalijaza nyuzi za katani alizokuja nazo, na udongo wa mfinyanzi, akalikanyagia kwenye mdomo kwa kisigino, akaweka jiwe, akapaka tope. Kunyonya kukaacha. Kazi nzima haikufika dakika kumi. Mtoto wa miaka kumi na miwili angeifanya.

Watu wale walikuja mmoja mmoja kumpa mkono. Mikono ilikuwa na tope, na yake pia.

Maji yale yalitosha siku sita. Mvua ilinyesha baada ya wiki saba. Katikati hapo Meitamei na ndugu zake walihama kuelekea mto Pangani, na njia ile walioipita baadaye wanasema ulikuwa hupotei, unafuata mizoga. Katika wale themanini na wawili walifika kumi na tisa. Kijiji kilivunjika; wengine walikwenda Kiteto, wengine walifanya vibarua kwenye mkonge.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Siku ile Meitamei alimpeleka Hiza kwa ng'ombe wake waliosimama, akamwambia achague. Hiza alikataa. Meitamei alikasirika, mara ya kwanza na ya mwisho, akasema ahadi si kitu cha kurudishiana. Akamtolea yeye mwenyewe mtamba mwekundu mwenye mkia mweupe mpaka kwenye ncha, mzuri kuliko waliobaki wote. Alimsindikiza mpaka kwenye njia ya lori.

"Usihuzunike, mzee," alimwambia. "Wewe umefanya ya kwako. Kosa ni langu. Mbwana aliponiambia habari zako, nilipoteza siku mbili nikiuliza watu kama wewe ni mkweli. Ningekuamini siku ile ile, ungeyakuta maji."

Hiza alipanda lori na mtamba wake. Nyumbani, Yuditha alimwona mnyama, akamwona mume wake, akauliza, "Ulizama?" Hiza akajibu, "Nilizama." Yuditha hakuuliza tena, si siku ile wala siku nyingine, na kwenye kilabu mtu yule hakukanyaga tena. Habari ya shibiri nne, na ya neno lililokwama kwenye meno pale korongoni, hakumwambia mtu yeyote. Alikufa nayo.

Hapo ndipo nilipokuwa namalizia. Nilimsimulia mkwe wangu Grasiana hivi hivi nilivyoandika, mwaka jana, siku ya mapumziko, yeye anapukuchua mahindi uani na mimi nimekaa kwenye kigoda. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipofika kwenye "alikufa nayo," alipukuchua gunzi moja mpaka likaisha, akaliweka chini.

"Baba, kama alikufa nayo, wewe umeipata wapi?"

Nikasema watu husikia. Nikasema ukiwa mzee unaunganisha.

"Majina umeyabadilisha vizuri," alisema. "Ng'ombe hukuwabadilisha."

Kwenye zizi letu, hatua ishirini kutoka pale, walikuwa wamesimama ng'ombe saba, wanapiga nzi. Mikia saba, yote nyeupe mpaka kwenye ncha. Bibi yao aliingia kwenye zizi lile mwaka wa sabini na nne.

Grasiana hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba maziwa hayo ndiyo aliyowakuzia watoto wake, wajukuu zangu, na kwamba kuanzia kesho yeye hatakamua.

Kwa hiyo nililipa. Niliwapeleka wote saba, na ndama aliyekuwa tumboni. Nilimtafuta Meitamei kwa kuuliza, nikamkuta ng'ambo ya Kwediboma, mvi tupu, jicho moja limeingia ukungu. Alinifahamu kwa sauti. Nilimweleza yote nimesimama, kuanzia gurudumu la Tanga. Naye akauliza kitu kimoja.

"Tungefika kwa siku ngapi?"

"Tatu."

Aligeuka akawaangalia ng'ombe. "Hawa nitawapokea," alisema. "Lakini hawa ni wa yule mtamba. Wale wengine hukuwaleta, na huwezi." Akamwita Nasieku, akawaita wanawe na wake zao, na ndugu wawili waliokuwa karibu. Wakakaa. Akaniambia nianze upya, wasikie wote, na nisimtaje mtu anayeitwa Hiza.

Nikaanza. Neno "mimi" lilikuwa zito kuliko lile jiwe nililoweka bombani. Nilipofika Sindeni nilitaka kupita haraka, nikasema tulilala siku mbili pale, kisha tukaenda Chanika. Nasieku, ambaye siku hizi Kiswahili anakijua vizuri, aliinua mkono.

"Ngoja. Huyu alirudi na viganja vimepasuka. Alipokuwa analima, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mama. Sikuwa mgonjwa."

Akashusha mkono. "Endelea," alisema.